Miaka Yangu ya Kuanguka Kariakoo

Zuhura ameniomba niandike. Anasema vijana wanaoanza kufundisha hapkido pale ukumbini wanajua rangi za mikanda na majina ya mapigo, ila hawajui tulikotoka, na mimi nikiondoka leo habari zote zitabaki kwa Mangi muuza sufuria, ambaye tangu mwanzo hakuelewa tunafanya nini juu ya duka lake. Nimekubali. Mnisamehe mwandiko. Mkono wangu wa kulia haujarudi sawasawa, na kisa cha mkono huo mtakikuta mbele, maana ndicho kilichonifanya niwe nyumbani Magomeni nakunywa chai saa nne asubuhi kama mtu aliyerithi.

Habari za nani alinivisha mkanda gani sitaziandika. Mikanda ipo kabatini, na mmojawapo mke wangu huufungia godoro tukihama.

Nilipoanza nilikuwa kijana wa dukani, nauza vipuri vya baiskeli karibu na Msimbazi, na kichwa changu kilikuwa kimejaa mateke niliyoyaona kwenye vibanda vya video. Nikasikia kuna Mchina anafundisha kupigana kwenye chumba kirefu juu ya duka la sufuria. Nikapanda ngazi nikiwa tayari nimeshajiona narukaruka. Mwenyewe alikuwa Bwana Han, Mkorea aliyeletwa nchini kufunga mashine za kiwanda cha nyuzi. Kiwanda kilifungwa, yeye akabaki. Mtaa mzima ulimwita Mchina, na sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili, nadhani, ilikuwa "Mimi si Mchina." Ya pili ilikuwa "Anguka." Ya tatu ilikuwa neno moja tu: "Tena."

Kwa asiyejua, hapkido ni sanaa ya kujilinda ya Wakorea, na si ya kale sana kama watu wanavyodhani. Ina mateke, ina kukunja viungo vya mtu, ina kumtupa. Msingi wake ni kwamba mtu akikujia na nguvu zake usishindane nazo, uzigeuze zimpeleke anakotaka kwenda, ila kwa kasi zaidi kuliko alivyopanga. Na kwa kuwa kila anayetupwa lazima atue mahali, unaanza kwa kujifunza kutua. Mimi hilo sikuambiwa kabla ya kulipa ada.

Basi nikaanguka. Kwa nyuma, kwa ubavu, kwa mbele, kuanzia kuchuchumaa hadi kusimama. Kidevu kifuani, kana kwamba unaangalia kitovu chako. Pumzi nje. Mkono mzima, kiganja hadi kiwiko, upige godoro kwa bapa wakati ule ule mgongo unapogusa, ili kishindo kigawanyike. Na kubwa kuliko yote: usiweke mkono chini ukiwa umenyooka kujizuia, kwa sababu mwili utauangukia na mfupa utasema. Bwana Han alikuwa akiona mtu anaweka mkono hivyo anasimamisha darasa, anachukua kijiti cha mshikaki, anakivunja mbele yetu, kisha anasema "Tena." Miezi ikapita sijarusha teke. Nyumbani waliniuliza hiyo karate ya Kikorea ikoje, nikasema nzuri, ina falsafa.

Vifaa vyetu msivicheke, ndivyo vilivyowazaa. Magodoro tulinunua ya zamani, tukayashonea turubai la lori. Sare ya kwanza tuliipeleka kwa fundi wa kanzu, tukamchorea picha. Fundi alikuwa mtu wa heshima zake, hakuweza kuitoa nguo nyeupe dukani kwake bila darizi shingoni, akatutia darizi wote. Bwana Han alipoziona alizigeuza moja moja. Mwishowe akaipeleka na yake ikatiwe. Mwaka mzima tulipigana kama watu wanaotoka maulidini.

Chini yetu alikuwa Mangi, Mchaga wa Rombo, muuzaji wa sufuria kwa jumla. Kila mtu wetu akianguka, sufuria zake zililia kwenye rafu. Mara ya kwanza alipanda ngazi na hasira, akakuta watu wazima wenye darizi wamelala chini.

"Mnafanya nini?" akauliza.

"Tunaanguka," nikamjibu.

Akatutazama kwa huruma, akashuka. Baadaye alizoea, hata akawa anapima mahudhurio yetu kwa mlio. Sufuria zikilia kidogo anajua mvua imewazuia watu.

Nilipopata mkanda wangu wa kwanza wa rangi niliamua Kariakoo yote ni uwanja wa majaribio. Nikaenda Mchikichini kununua viatu vya mtumba. Pale, mnajua wenyewe, muuzaji hakuiti tu, anakushika kabisa. Kijana mmoja akanidaka kifundo cha mkono: "Bro, njoo, kiatu chako kiko hapa kinakungoja." Nikafungua vidole, nikashusha kiwiko, nikageuza nyonga, mkono ukatoka kwenye ngumi yake kama nilivyofundishwa. Ilikuwa safi kabisa. Yule kijana wala hakushtuka, akashika mkono wa pili. Huo nilikuwa sijafundishwa bado. Nilirudi nyumbani na viatu vinavyobana, na nikavivaa vile vile kwa sababu ya aibu.

Miaka ikaenda. Bwana Han akazeeka, akataka kurudi kwao akazikwe na wazee wake. Siku ya kuondoka alinikabidhi funguo. Nilidhani sasa ataniambia siri, maana walimu wa namna ile huwa na siri. Akanionyesha godoro. Nikaanguka. Akatazama, akasema "Tena." Nikaanguka tena. Akaitikia kwa kichwa, akashuka kwenye teksi. Nililia, sisemi uongo. Ukumbi ukawa wangu, na deni la turubai likawa langu.

Sasa somo kwenu mnaofundisha. Tatizo la kufundisha kujinasua mkono katika mji huu ni kwamba huku mkono hushikwa kwa mapenzi. Wanaume wawili wakikutana mtaa wa Kongo hawaachiani hadi wamalize habari za nyumbani, za kazini na za mgonjwa. Mtu akiwa na neno la siri anakushika mkono anakuvuta pembeni. Kwa hiyo ukimwambia mwanafunzi "mshike mwenzako kwa ubaya," anamshika kama anamuuliza mama anaendeleaje. Mwenzake akimkunja kiwiko, anamwambia "samahani", na aliyekunjwa anasema "usijali." Nimefundisha watu waungwana sana. Sijui kama nimefundisha watu hatari.

Na kila kundi jipya lilileta swali lile lile. "Mwalimu, umewahi kuitumia kweli, mtaani?" Nilikuwa nakohoa. Naangalia dirishani. Nasema, "Mambo mengine hayasemwi." Kwa kikohozi hicho tu nilipata sifa kubwa. Wapiga debe walinipisha. Niliwahi kusikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba yule mzee ana kidole kimoja akikugusa shingoni unasahau jina la baba yako. Sikumsahihisha. Lakini ukweli ni kwamba sikuwahi kuitumia hata siku moja, ukiacha Mchikichini, na kadiri nilivyozeeka ndivyo nilivyotamani. Nilitaka kabla sijastaafu mtu mmoja anishike kwa ubaya wa kweli, nijue kama maisha yangu yalikuwa na kazi.

Badala yake akaja Bibi Kokila.

Alipanda ngazi zetu akishika ukuta, mama wa Kihindi aliyepita miaka sabini, mwembamba, mtandio begani, bangili hadi nusu ya mkono. Nilimjua kwa sura. Anakaa ghorofa ya tatu jengo la pili kutoka letu, na alizaliwa humo humo.

"Shikamoo Bibi," nikamwambia. "Unamtafuta mjukuu?"

"Marahaba. Nakutafuta wewe. Nataka kujifunza."

Nikamweleza kwa upole kwamba tuna darasa la kina mama, la kujilinda na vibaka. Akanikatiza.

"Mwalimu, mimi umri huu nimpige nani? Nataka kuanguka."

Akakaa kwenye benchi akanieleza. Alikuwa ameteleza jikoni kwake asubuhi. Hakuvunjika, ila hakuweza kuinuka. Alilala sakafuni anaangalia miguu ya meza hadi dada wa kazi alipokuja, na chai ilikuwa imekauka jikoni na sufuria imeungua. Mwanawe Nilesh, anayeishi Kanada, alipopata habari akasema basi. Sikukuu ya Diwali anakuja, na akiondoka anaondoka naye.

"Ni mtoto mzuri," Bibi Kokila akasema. "Nyumba yake nzuri, ina zulia. Lakini nitakaa na nani? Nimsalimie nani dirishani? Mimi nataka kufa kwangu, mwalimu, na sitaki kufa sasa hivi."

"Hospitali walikuambiaje?"

"Nijiangalie. Najiangalia mpaka nimechoka, sitoki nje. Dada wa kazi alinihadithia kuna watu hapa wanaanguka kila siku na kesho wanarudi."

Mtaniona mjinga, lakini nilijisikia nimedharauliwa. Nina mkanda mweusi, najua namna ya kumzungusha mtu mzima kwa kidole gumba, na mteja anataka ile sehemu ya kwanza tu, ile ya bure. Zaidi ya hayo niliogopa. Mifupa ya umri ule si ya kuchezea. Akivunjika nyonga kwenye godoro langu, Nilesh atanifunga na Mangi atatoa ushahidi. Nikatafuta maneno ya kumkatalia. Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa msaidizi wangu na bado anauza madera kwenye fremu ya chini, akanivuta mkono pembeni, kwa mapenzi.

"Mwalimu, acha woga. Usimwangushe. Anza kumfundisha kuinuka."

Ndicho nilichokifanya, na sifa ni ya Zuhura. Tulimlaza chini taratibu, tukamfundisha kutoka huko. Geuka ubavu. Kunja goti. Kiganja chini ukiwa tayari umelala, hapo ruhusa. Panda goti, kisha mguu, kisha dunia. Wiki za mwanzo alitukana kwa Kigujarati, au alisali, sikutaka kuuliza. Alipoweza kuinuka bila kushika kitu tukaanza kushuka: kukaa, kujiviringisha, kupiga mkono. Bangili alizivua akaziweka dirishani, na ikawa desturi, tukiziona pale tunajua Bibi yuko kazini.

Alikuwa mwepesi mno. Siku moja Mangi alipanda kuuliza mbona darasa limefungwa, sufuria hazilii. Akamkuta Bibi Kokila chini, kidevu kifuani, anajiviringisha. Mangi akavua kofia.

"Mama yangu kule Rombo naye anaogopa kuanguka," akasema, akashuka.

Nikazoea kumngoja. Siku asipokuja nilikuwa na hasira na wanafunzi wengine bure. Wao waliniuliza habari za mateke. Yeye aliniuliza vitu ambavyo sikuwahi kuvifikiria: mtu akianguka na chai ya moto mkononi afanyeje, akianguka bafuni ambako hakuna nafasi ya kujiviringisha, akianguka mbele ya wageni. Nikamwambia chai aitupe mbali na yeye. Ya wageni nikaiahirisha.

Diwali ikafika, na Nilesh akafika nayo. Kwa simu alikuwa ameshamwambia mama yake, "Huyo mtu atakuvunja." Bibi Kokila alinipa salamu hizo kama zilivyo. Tiketi mbili zilishakatwa. Alimwomba mwanawe jambo moja, aje Jumamosi ukumbini aone, kisha aamue. Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua nisipofanya sawa, mama yule anakwenda kusalimia zulia maisha yake yote yaliyobaki.

Akaja. Mwanamume mpana, shati limepigwa pasi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama yake alikuwa katikati ya ukumbi, bangili ziko dirishani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

Akanipa mkono. Nikaupokea. Hakuuachia. Akaukaza kidogo, akanivuta upande wa dirisha, na uso wake haukuwa wa kucheka.

Wenzangu, nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu ujana. Kichwa hakikuulizwa, mwili wenyewe ulijibu. Nikafungua vidole, nikashusha kiwiko, nikapiga hatua ya kuingia, nikageuza nyonga ili yale mabega mapana yapite juu yangu na kwenda kwenye magodoro. Nyonga ikageuka. Goti la kushoto, lililokuwa likinilalamikia tangu masika, halikugeuka. Nilesh akaniachia kwa mshangao, akabaki amesimama pale pale. Mimi nikaenda chini peke yangu, na katika kwenda nikafanya lile nililowakataza watu umri wangu wote: nikaweka mkono, umenyooka kabisa.

Kijiti cha mshikaki. Mlio ule ule. Chini, sufuria za Mangi zililia kuliko siku zote.

"Mwalimu," Nilesh akasema polepole, "nilitaka tu kukuuliza kitu."

Mganga hajigangi, ndiyo, naijua methali hiyo, na wanafunzi wangu wote waliikumbuka kwa wakati mmoja, niliwaona. Nililala naangalia dari. Maumivu yalikuwa makali, lakini aibu iliyashinda. Nikawaza, basi, nimempakilia Bibi mizigo yake kwa mikono yangu mwenyewe.

Bibi Kokila hakungoja mtu. Alikunja magoti, akakaa godoroni, akajiviringisha kwa ubavu hadi nilipolala, akaushika mkono wangu akauchunguza kama mtu anayechagua bamia.

"Hukupiga," akasema. "Umeuweka."

"Najua, Bibi."

Akavua mtandio, akaufunga mkono wangu shingoni, fundo zuri la watu waliolea watoto. Kisha akageuka ubavu, akakunja goti, akapanda goti, akapanda mguu, akasimama. Hakushika kitu. Hakushika mtu. Akajikung'uta.

Nilesh hakuwa ananitazama mimi kabisa.

"Mama, umeinukaje?"

"Kwa miguu," akamjibu. "Mpeleke mwalimu hospitali. Mimi utanikuta hapa hapa."

Tulikaa kwenye foleni ya kupiga picha ya mfupa, mimi na mtu niliyejaribu kumtupa. Akanunua maji, akanifungulia chupa. Nikamwomba radhi. Akasema yeye ndiye wa kuomba, amekaa Kanada muda mrefu lakini mkono bado anaushika kama mtu wa hapa, alitaka tuongee mama asisikie.

"Ulitaka kuniuliza nini?"

Akatazama sakafu. "Akianguka akiwa peke yake, ataweza kuinuka? Hilo tu, mwalimu. Simu ikiita asubuhi naogopa kuipokea. Namwona pale jikoni kila siku."

"Ungeuliza mlangoni," nikamwambia, "ungeniokolea mfupa."

Akacheka, kisha machozi yakamtoka palepale kwenye benchi, mtu mzima na shati lake la pasi. Nikamshika mkono kwa ule wangu wa kushoto, na hatukuachiana hadi nilipoitwa ndani.

Nilesh aliondoka peke yake. Tiketi ya pili sijui aliifanyia nini. Mimi nilifungwa hogo la plasta, na lilipofunguliwa daktari alinigeuza mkono huku na huku, akaniambia ukumbini nimpishe mwingine. Zuhura akachukua funguo. Sikumwambia siri yoyote, nilimwonyesha godoro.

Kwa hiyo mkiulizwa na wanafunzi kama mwalimu wenu wa zamani aliwahi kuitumia kweli, msikohoe. Waambieni aliitumia mara moja, juu ya mtu aliyekuwa anamsalimia, na akashindwa.

Jumamosi asubuhi sasa kuna darasa jipya pale juu, la wazee. Wapo kina mama wa Kisutu, wapo wa mtaa wa Gerezani, na yupo mama yake Mangi aliyeletwa kutoka Rombo, ambaye akianguka sufuria za mwanawe zinalia na Mangi anasikika chini akicheka peke yake. Mwalimu wa darasa hilo ni Bibi Kokila. Wiki iliyopita, mkono ulipopona vya kutosha, nilipanda zile ngazi nikishika ukuta. Bangili zilikuwa dirishani. Nikavua viatu, nikasimama mstari wa nyuma, zamu yangu ikafika nikaanguka.

Bibi Kokila aliutazama mkono wangu.

"Tena," akasema.